Mwacheni Mtoto Afinyange Ng'ombe Wake

Mwaka juzi nilikwenda Kahama kumtembelea binti yangu, na jioni moja nikamkuta mezani na mkasi, gundi na kipande cha boksi, anafanya kazi kwa juhudi kubwa kama mtu anayekimbizana na giza. Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi akitazama katuni. Nikauliza kulikoni. Binti yangu akanijibu bila kuinua kichwa: "Baba, ni kazi ya mikono ya mjukuu wako. Mwalimu wao anataka kesho kila mtoto apeleke mnyama wa kufugwa."

Juu ya boksi alisimama ng'ombe wa plastiki, mweupe mwenye mabaka meusi, kiwele chake kikubwa kupita kiasi. Ng'ombe wa namna hiyo sijapata kumwona akichungwa mahali popote katika mkoa wa Shinyanga. Alikuwa amenunuliwa dukani siku hiyo hiyo. Nilimwinua nikamgeuza, na tumboni nikasoma jina la nchi alikotengenezwa: China. Mama mtu alikuwa akimbandikia majani ya karatasi ya kijani miguuni, na jina la mtoto lilikwisha andikwa kwa kalamu nene.

Kesho yake kijana akarudi na nyota nyekundu na maneno ya sifa kutoka kwa mwalimu wake. Nikamwita, nikamkalisha, nikamwuliza, "Mjukuu wangu, hapa umeandikiwa kwamba umefanya vizuri sana. Umefanya nini?" Akafikiri kidogo, akaniambia kweli, maana watoto wa umri ule bado hawajajifunza kusema uongo wa adabu. Akasema, "Nimebeba, babu."

Ndugu msomaji, nimefundisha kwa miaka thelathini na minane, nikastaafu mwaka 2011 nikiwa mwalimu mkuu. Nimeona aibu nyingi za shule, nyingine nikizifanya mwenyewe, na hizo nitazitaja. Lakini nyota ile nyekundu iliniuma kuliko nyingi nilizoziona. Ndiyo iliyonifanya nishike kalamu kuandika sura hii, na sitaandika kwa upole.

Nasema hivi: katika nchi hii yetu, kuanzia mbuga za Shinyanga mpaka vilima vya Geita, mtoto mdogo haachiwi tena kutengeneza kitu kwa mikono yake mwenyewe kwa ajili ya furaha yake mwenyewe. Mtoto wa mwenye nacho ananunuliwa. Mtoto wa asiye nacho anatumwa. Mikono ya yule wa kwanza imelala, mikono ya yule wa pili imechoka, na wote wawili wameibiwa kitu kile kile. Wezi ni sisi: wazazi, walimu na wakubwa wa elimu.

Mimi nilizaliwa katika familia ya wafugaji, na kabla ya kuijua shule niliijua mbuga. Mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, sisi watoto wachungaji tulichimba udongo kando ya kijito na kufinyanga ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na zizi lake, limejengwa kwa vijiti na miiba. Nilikuwa na ng'ombe wapatao ishirini: madume wenye nundu na pembe ndefu, majike, na ndama ambao miguu yao ilikatika kila siku. Tuliwapiganisha madume wetu. Tuliazimana, tulilipana mahari, tulidaiana. Aliyekopa majike watatu akarudisha wawili hakulala bila kukumbushwa. Sikujua kwamba kule kulikuwa kutoa na kujumlisha. Nilipoingia darasa la kwanza na mwalimu akaandika hesabu ubaoni, niliziona ni ng'ombe walewale, isipokuwa wamevuliwa pembe.

Jambo jingine nililojifunza pale ni tabia ya udongo. Udongo mweusi wa mbuga ni mwongo. Ukiwa na maji unavimba na kukutii, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Ng'ombe wangu wa kwanza walipasuka wote kwa sababu niliwaanika juani nikitaka wakauke haraka. Kaka yangu akanionyesha kuchanganya mchanga kidogo, kuukanda udongo mpaka usionate viganjani, na kuwaweka ng'ombe kivulini siku kadhaa, wakauke polepole. Akanifundisha pia kwamba pembe haibandikwi tu. Sharti ukwaruze kichwani na ukwaruze shinani mwa pembe, upake uji wa udongo, ndipo ubandike. Hakuna aliyenipa mtihani juu ya mambo hayo. Udongo wenyewe ndio uliokuwa mtahini. Nikikosea, pembe inaanguka, na hakuna wa kumlaumu.

Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Tumeugeuza msemo huu kuwa wa fimbo, tukadhani maana yake ni kumwahi mtoto kwa viboko kabla hajawa sugu. Hebu tuuchukue kama ulivyo. Mikono ya mtoto wa miaka minne, mitano, sita, saba, ndiyo iliyo maji. Vidole vinajifunza kubana, kuviringisha, kusokota na kupima nguvu. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anamjua mtoto anayeingia shule akishika penseli kama anashika mchi, anaikandamiza mpaka daftari linatoboka. Tunasema mtoto huyo ni mzito. Kumbe hajawahi kufinyanga wala kusokota kitu, na vidole vyake havijawahi kuulizwa swali.

Wenzetu waliliona jambo hili zamani. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua chekechea yake ya kwanza mwaka 1837, aliwapa watoto vitu vya kushika, kupanga, kukunja na kusuka. Mwitaliano Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, katika mtaa wa maskini, akajenga mafunzo yake juu ya mikono ya mtoto. Na sisi tulikuwa na Mwalimu wetu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, akataka shule iache kumtenga mtoto na kazi za jamii yake. Nilipoingia chuo cha ualimu mwaka 1971 kijitabu kile kilikuwa kama msahafu wetu. Tulisuka mikeka, tulifinyanga, tulitengeneza zana za kufundishia kwa vizibo, mabua na magunzi. Mkufunzi wetu wa sanaa alikuwa na kawaida ya kuingia darasani na ndoo ya udongo kabla hajaingia na chaki, nasi tuliokuwa na haraka ya kuwa waheshimiwa tulimcheka.

Sasa nikiri yangu.

Katika miaka ya tisini nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja jirani na machimbo ya dhahabu, upande wa Geita. Ratiba iliyobandikwa ofisini mwangu ilikuwa na vipindi vya Stadi za Kazi, imepigwa mistari kwa wino mwekundu, na mkaguzi akija alifurahi kuiona. Lakini ratiba ya ukutani ilikuwa moja na ya kweli ilikuwa nyingine. Madarasa ya juu walifanyiwa mazoezi ya hisabati katika vipindi vile, kwa sababu mtihani wa darasa la saba haukuuliza mtu kama anajua kusuka. Madarasa ya chini walichota maji, walifyeka uwanja, walipalilia mahindi ya walimu, na yangu yakiwamo. Jina la kazi hiyo kwenye vitabu vya shule lilikuwa Elimu ya Kujitegemea. Ndivyo tulivyokiua kijitabu cha Mwalimu. Hatukukipinga hata siku moja. Tulikigeuza kuwa jembe la mgongoni mwa mtoto, mpaka neno kazi likawa ndugu wa neno adhabu. Leo nikimsikia mzazi akisema, "Sikumpeleka mwanangu shule akacheze na udongo," najua alikojifunzia maneno hayo. Alisoma kwetu.

Palikuwa na mtoto mmoja wa darasa la pili, wa miaka tisa hivi, mpole, si hodari wa kusoma. Siku moja nilikagua madarasa nikakuta ndani ya dawati lake gari la udongo. Lilikuwa lori la kubebea mawe, lenye tela, magurudumu ya vizibo vya soda yaliyopigwa tundu katikati na kupitishwa kijiti, yanazunguka. Tela lilikuwa na bawaba ya uzi, linainuka na kumwaga. Mtoto wa miaka tisa! Nami nilichokiona ni daftari lililochafuka kwa matope. Nilimchapa fimbo mbili mbele ya wenzake, na lori nikalitupa nje dirishani. Nilikuwa najivunia usafi wa shule yangu.

Alipofika darasa la tano aliacha shule. Aliingia kwenye mialo ya kuosha mchanga wa dhahabu, kama wengi. Nilikutana naye mwaka 2014 sokoni Katoro, mtu mzima, akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu mkuu." Tulikaa tukanywa soda. Nikamwuliza kama analikumbuka lile lori la udongo. Akatabasamu kwa heshima, akasema hapana, halikumbuki. Nikanyamaza. Kisha akasema, "Lakini zile fimbo nazikumbuka, mwalimu."

Sina la kuongeza hapo. Nimelibeba neno hilo mpaka leo.

Wewe unayesoma kurasa hizi na hujafika Nyarugusu au Rwamgasa usidhani kwamba watoto wa machimbo hawafanyi kazi za mikono. Mikono yao haipumziki. Wanaponda mawe, wanabeba viroba, wanachekecha, wanaokota katika marudio. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, wakiwamo wa Geita na Kahama, na miongoni mwao walikuwamo wa umri wa miaka minane. Baadhi yao walichanganya zebaki na unga wa mawe kwa mikono mitupu, wakakamua donge kwenye kitambaa, kisha likachomwa motoni ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke ule huingia mapafuni na kudhuru ubongo, hasa ubongo wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kazi za hatari kwa watoto, na migodi imetajwa humo. Sheria ni njema. Lakini tazama vidole vile: vinabana, vinaviringisha, vinakamua, vinapima. Ni vidole vilevile vinavyofinyanga. Ufundi ambao shule iliukataa kwa kuwa unachafua daftari, mwenye mwalo ameupokea bila kuuliza usafi.

Wala asiniambie mtu kwamba dhahabu itatulipia yote haya. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi pale Kahama mwaka 2009. Buzwagi ukasimamisha uzalishaji mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa mwaka ulipofunguliwa alikuwa hajamaliza hata shule ya msingi ulipofungwa. Shimo la dhahabu lina mwisho wake, lakini mikono iliyofundwa haina.

Sasa nijibu wale wanaonipinga, maana nimezungumza nao sana, barazani na misibani.

Wa kwanza wanasema: mwalimu, vifaa viko wapi? Shule haina fedha. Hao nawauliza, udongo unauzwa bei gani? Majirani zetu wa Kenya walisambaza mtaala wao mpya wa umilisi mwaka 2019, nia yake ikiwa njema, lakini wazazi wengi wakalalamika kwamba kila wiki wanatakiwa kununua hiki na kile, na usiku wanafanya wao kazi ya mtoto. Tujifunze hapo. Kanuni yangu ni fupi: kazi ya mikono inayomfanya mzazi afungue pochi si kazi ya mtoto. Ikiwa kitu hakipatikani uani, jikoni au njiani, kiache.

Wa pili wanasema: darasa lina watoto mia na zaidi tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016. Naam, najua. Lakini katika darasa hilohilo kitabu kimoja kinagombewa na watoto wengi, ilhali udongo hakuna anayeugombea. Watoke nje wakae chini ya mwembe, wagawanywe makundi, na kila kundi lipewe bonge lake. Katika miaka yangu yote sikupata kuona darasa kubwa likitulia kama lile ambalo kila mtoto ana kitu mkononi.

Wa tatu, na hawa ndio wengi, wanasema: kwanza wajue kusoma, kuandika na kuhesabu, michezo baadaye. Ndugu zangu, nimekwisha kusema juu ya penseli na mchi. Niongeze hili. Mpe mtoto afinyange ng'ombe watano, umwulize wana miguu mingapi. Atahesabu kwa kidole, na hatasahau. Mwambie achimbe ardhini mashimo ya bao, safu nne zenye mashimo manane manane, ambayo ni thelathini na mawili, kisha aokote kete sitini na nne na kuzigawa sawasawa. Amefanya kuzidisha na kugawanya, na bado anataka kuendelea. Mwambie asimulie habari za ng'ombe wake, nawe uandike maneno yake ubaoni. Sentensi ya kwanza atakayoisoma itakuwa ya kwake mwenyewe.

Wa nne wanasema dunia imekwenda mbele, watoto wa leo ni wa kompyuta. Basi wamwulize daktari anayeshona jeraha au fundi anayefungua simu kwa bisibisi ndogo kuliko sindano, wapi walikojifunzia vidole vyao. Na serikali yenyewe imeliona. Sera ya elimu iliyoboreshwa mwaka 2023 na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 zimeleta mafunzo ya amali katika sekondari, na sanaa na michezo katika shule ya msingi. Nashangilia. Lakini nauliza: mkono ulionyimwa kila kitu mpaka miaka kumi na minne, ukipewa randa na msumeno siku moja, utaamkaje? Amali haianzii sekondari. Huko ndiko inakokomaa. Inaanzia chekechea, matopeni.

Nisije nikaitwa mpiga kelele asiye na dawa, nieleze ninachotaka kifanyike. Ni mambo ambayo mama yeyote anaweza kuyafanya Jumamosi, na mwalimu katika kipindi kimoja.

Kwanza ni udongo wenyewe. Udongo wa kichuguu ni laini na unashikana vizuri. Ule wa mbuga uchanganywe na mchanga au vigae vya chungu vilivyopondwa. Wenye kuishi karibu na machimbo sikilizeni hili kwa makini: msichukue kamwe udongo wa karibu na mwalo, wala wa kijito kinachopita chini yake, wala marudio, hata yakionekana laini namna gani. Mna zebaki humo. Msiwape watoto makopo wala madumu yaliyobeba dawa za kusafishia dhahabu. Panda juu, mbali na machimbo, ukachimbe huko.

Pili ni chapa na rangi. Kata bamia lililokomaa kwa kukingama, utapata nyota ambayo fundi hawezi kuichora vizuri zaidi. Mtoto ailowanishe rangini na kupiga chapa juu ya karatasi. Rangi ya manjano inatokana na binzari, nyekundu na choya iliyochemshwa, nyeusi na mkaa uliosagwa, ya kijani na majani yaliyotwangwa. Zote zitiwe uji mwepesi wa muhogo ili zishike. Zamani tulipaka mbao za shule kwa unga mweusi wa betri kuukuu. Usiwape watoto unga huo, mkaa unatosha. Karatasi ni mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita, na brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki.

Tatu ni kamba. Mikonge ingali kwenye nyua nyingi za Shinyanga. Mtu mzima apare majani, maana utomvu wake unawasha, nyuzi zioshwe na kukauka. Kisha mtoto asokote kwa kiganja juu ya paja, nyuzi mbili zikiviringishwa upande mmoja na kuachwa zijisokote upande wa pili. Akiisha kupata kamba ya urefu wa mkono wake, ana kamba ya kuruka, ya kufunga mpira wa matambara, ya kuvuta gari.

Nne ni gari la kopo na vizibo, mtu mzima akitoboa tundu kwa msumari na kugonga kingo kali, mtoto akifanya mengine yote. Na tano ni mwanasesere wa gunzi, nywele za mahindi zikiwa nywele zake, kitambaa chakavu kikiwa kanga yake. Wavulana nao wapewe, maana mtoto anayemvika mwanasesere anajifunza kufunga fundo na kuhurumia kwa wakati mmoja.

Na sharti kubwa kuliko yote: msimsaidie mno. Ng'ombe wa mtoto wa miaka mitano atakuwa na miguu mitatu na shingo kama twiga. Mwacheni. Msimnyooshee pembe. Ukimnyooshea pembe umemwambia kwamba yake haifai, na kesho atakuletea udongo umfinyangie wewe. Ulizeni tu, "Huyu anaitwa nani?" na mketi msikilize.

Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, na kifungu chake cha 31 kinampa mtoto haki ya kucheza na kushiriki sanaa. Hivyo sidai hisani. Nadai deni. Nawaambia walimu wakuu walioko kazini: chukueni wino mwekundu wa ratiba yenu muutie maana. Kipindi cha sanaa kisiwe cha kuchota maji yenu. Nawaambia wenye shule za kulipia: mkimpa nyota mtoto kwa kitu kilichonunuliwa, mmempa nyota muuza duka. Wakubwa wa migodi, ambao kila mwaka mnapigwa picha mkikabidhi madawati, ahsanteni kwa madawati. Lakini mtoto anayeacha shule darasa la tano hakukimbia kwa kukosa dawati tu. Alikimbia mahali ambapo mikono yake haikuwa na thamani, akaenda mahali ambapo ina bei. Nanyi wazazi, nawaomba Jumamosi moja, na ndoo moja ya udongo.

Likizo iliyofuata mjukuu wangu wa Kahama aliletwa kwangu kijijini. Siku ya kwanza alishika udongo kwa ncha za vidole viwili, akaniuliza kama unatoka ukinawa. Siku ya tatu alikuwa amepaka mpaka masikioni. Ng'ombe wake wa kwanza alipasuka juani, akalia; nikamwonyesha kivuli, kama kaka yangu alivyonionyesha mimi. Wa pili alisimama. Ana nundu kubwa kupita mwili, na pembe moja, kwa sababu ya pili hakuikwaruza sawasawa shinani, ikadondoka. Nilipotaka kumsaidia kuibandika upya alinikataza. Akasema ng'ombe huyu alivunjika pembe akipigana, na alishinda.

Siku ya kuondoka, mama yake alitaka kumfunga ng'ombe katika gazeti wampeleke Kahama, akamwonyeshe mwalimu wake apate nyota. Kijana akakataa. Akasema abaki kwa babu, awachunge wengine watakaotengenezwa likizo ijayo. Yupo hapa dirishani kwangu ninapoandika.